Tangazo Lisilosomeka



Juma lililopita alinijia kijana wa parokia yetu asiyeona, aliyesoma shule kwa maandishi ya nukta nundu. Mkononi alikuwa na simu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo chake. Alifungua tovuti ya ofisi moja ya umma iliyotangaza nafasi za kazi. Simu ikasoma kichwa cha habari vizuri, kisha ikatamka neno moja tu: "picha". Tangazo lote lilikuwa karatasi iliyopigwa picha, pamoja na muhuri na saini, nayo simu yake haikuweza kuzitambua herufi zilizomo. Nikamsomea. Muda wa maombi ulikuwa umekwisha siku mbili kabla.

Jambo hilo nimekaa nalo moyoni juma zima. Huduma zilipohamishiwa kwenye intaneti tuliambiwa kwamba umbali umekwisha. Na kwa mtu wa Mkwaja, ambaye hafiki makao ya wilaya mpaka avuke Mto Pangani, hilo si dogo. Lakini mwenye haja kuu ya kupunguziwa safari ndiye aliyeachwa mlangoni. Mkoani kwetu, ndugu zetu Walutheri wamewafundisha watoto wasioona pale Irente, Lushoto, tangu miaka ya 1960. Elimu hiyo itawafaa nini, ikiwa tangazo la kazi limefungwa ndani ya picha?

Wala hapa haiombwi sadaka. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 9 kinaitaja intaneti waziwazi. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Miongozo ya kimataifa ya kutengeneza tovuti za namna hiyo ipo tangu 1999. Kinachotakiwa, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kawaida: kuandika tangazo kwa maneno, kueleza picha kwa sentensi moja, kuweka maandishi chini ya video kwa ajili ya viziwi, na kutomlazimisha mwombaji kunakili herufi zilizopindwapindwa ili athibitishe kuwa ni binadamu. (Hebu fikirini asiyeona akidaiwa hilo!)

Wapo wasemao kwamba hao ni wachache. Bartimayo naye alikuwa mmoja, na waliomkemea anyamaze walikuwa wakifuatana na Bwana.

Hapo nachomwa mimi kwanza. Mbele ya kanisa tumejenga njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, lakini ratiba ya Misa twaituma kwenye simu zenu kila Jumamosi kama picha yenye maua. Nilimuuliza kijana yule ajuaje saa za Misa. Akajibu, "Mama hunisomea, Padre."

Nimemwomba katibu wa parokia aiandike ratiba kwa maneno kuanzia Jumapili hii. Barua kwa ofisi ile nayo imekwenda, jina la kijana likitangulia langu. Jibu likija nitawajulisha.