Kuhesabu ni Kujua Unachokihesabu



Mwezi huu nina deni la kulipa, nalo ni deni la mwanafunzi. Miaka mingi iliyopita niliandika ubaoni swali hili: "Tende tatu zagawiwa watoto watatu. Zaweza kugawanywa kwa namna ngapi?" Jawabu nililolitaka ni kumi. Binti mmoja, mpole wa tabia, akaandika tatu. Nikamtilia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Akainua mkono akasema, "Maalim, hukutaja majina yao." Nikamwambia aketi, na wenzake wakamcheka. Tangu siku ile hakuinua tena mkono wake katika somo la hesabu.

Natuitazame kwanza hesabu yenyewe. Tuwape watoto majina: Ali, Salma na Hamisi. Ikiwa mmoja atachukua tende zote, hizo ni namna tatu, kwani aweza kuwa Ali, au Salma, au Hamisi. Ikiwa mmoja atapata mbili, mwengine moja, na wa tatu akakosa, hizo ni namna sita. Na ikiwa kila mmoja atapata moja, hiyo ni namna moja tu. Jumla ni kumi. Lakini yule binti aliona migawo mitatu: zote kwa mmoja, mbili na moja, na moja moja.

Msidhani ya kwamba huu ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 1877 mtaalamu wa Austria, Ludwig Boltzmann, alifanya hesabu kama hii hii juu ya chembe za hewa. Badala ya tende aliweka mafungu sawasawa ya nguvu, ambayo leo huitwa nishati. Chembe isiyo na fungu iko ngazi ya chini kabisa, yenye fungu moja iko ngazi ya kwanza, yenye mawili iko ya pili, na kadhalika. Alitoa mfano wa chembe 7 na mafungu 7, akapata namna 1716, zote zikiwa ndani ya migawo 15.

Huenda mtu akauliza: faida yake nini? Faida yake ni kuwa chembe za hewa ni nyingi mno, na hapana awezaye kuifuata kila moja. Walakini, ikiwa hapana namna inayopendelewa kuliko nyingine, basi mgawo wenye namna nyingi ndio utakaoonekana mara nyingi. Zitazameni zile namna zetu kumi, mkawahesabu watoto katika zote. Mtaona ya kuwa mikono mitupu imetokea mara 12, tende moja mara 9, tende mbili mara 6, na tende tatu mara 3. Hapana aliyeamrisha kuwa wasio na kitu wawe wengi na wenye vingi wawe wachache. Hesabu yenyewe ndiyo iliyoleta hayo. Na chembe ni vivyo hivyo. Ndiyo maana maji yaliyomwagika sakafuni hukauka hata kivulini bila ya kuchemka, kwani daima ziko chembe chache zilizopata nguvu ya kutosha kuruka na kwenda zake.

Basi sikilizeni khabari ya Satyendra Nath Bose. Bwana huyu, aliyezaliwa Calcutta mwaka 1894, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Dhaka, mji ambao leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Tangu mwaka 1900 watu walikuwa na kanuni ya Max Planck juu ya mwanga utokao katika kitu cha moto. Kanuni ilipatana na vipimo, lakini uthibitisho wake haukumridhisha Bose. Akazihesabu chembe za mwanga bila ya kuzipa majina, na kanuni ikatoka barabara. Tarehe 4 Juni 1924 alimpelekea Albert Einstein makala yake fupi. Hesabu ile ingeweza kudhaniwa kuwa ni kosa la mwanafunzi. Einstein hakuitupa, aliifasiri mwenyewe kwa Kijerumani, ikachapwa mwaka ule ule.

Tazameni tofauti yake. Kwa hesabu ya majina, chembe zote tatu kukaa ngazi moja pamoja, yaani kila moja na fungu lake moja, ni namna moja katika kumi. Kwa hesabu ya Bose ni moja katika tatu. Maana yake, chembe za jinsi hii hupenda kukusanyika. Einstein akaona ya kuwa katika baridi kali mno, atomi nyingi za namna hii zitashuka zikae pamoja ngazi ya chini kabisa. Mwaka 1995, huko Boulder katika Marekani, Eric Cornell na Carl Wieman walilishuhudia jambo hilo. Bose mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1974.

Na liko jawabu la tatu. Elektroni hazina majina nazo, lakini mbili haziwezi kuwa katika hali moja, kama alivyoeleza Wolfgang Pauli mwaka 1925. Tukiwakataza watoto wetu wawili kuwa na tende sawa, hubaki mgawo mmoja tu: mbili, moja, na sifuri. Kwa sababu ya katazo hili elektroni huzijaza ngazi za atomi kuanzia chini kwenda juu, na kutokana na hayo chuma kikawa chuma na dhahabu ikawa dhahabu.

Basi swali langu moja lina majawabu matatu: kumi, tatu, na moja. Kila moja ni sahihi mahali pake, na mimi nilijua moja tu.

Mwaka huu nilikutana na yule binti, naye sasa ni mama wa watoto wawili. Nikamsimulia khabari za Bose na nikamtaka radhi. Akacheka, akasema ya kwamba swali lile alikwisha kulisahau zamani, illa kicheko cha wenzake hakukisahau.

Enyi wazazi na walimu wenzangu, mtoto akileta jawabu msilolitarajia, muulizeni kwanza amehesabu nini, kisha ndipo mshike wino mwekundu. Nanyi vijana, jaribuni tende nne kwa watoto wanne. Mwenye kutaja majina atapata 35, na asiyetaja atapata 5. Itafuteni njia.