Tusafishe Bodi Zetu Baada ya Kulehemu

Mhariri amenipa nafasi katika gazeti la muhula huu, nami nataka kuitumia kusema juu ya jambo lililowachekesha wenzangu nilipolitaja bwenini. Ni ule uchafu wa rangi ya asali ubakiao juu ya bodi ya saketi baada ya kulehemu. Mimi nasema usafishwe, na shule itoe spiriti ya kuusafishia. Wako wasemao kwamba huko ni kupoteza mali bure. Basi na tuulizane.

Wengi mwakumbuka usiku ule wa masika ilipolia kengele ya tangi. Chama chetu cha elektroniki kiliitengeneza kengele hiyo ili ilie maji yanapofika juu, pampu izimwe, maji yasimwagike ovyo. Ililia saa tisa za usiku, na tangi halikufika hata nusu. Bweni zima liliamka, na mwalimu wa zamu akaja na tochi kutafuta mchawi wetu. Asubuhi jua lilipopanda ikanyamaza yenyewe. Usiku wa pili ikalia tena. Watu wakaanza kusema ina shetani.

Haikuwa na shetani, ilikuwa na flaksi. Kwa faida ya wazazi wasomao gazeti hili nitaeleza. Shaba ikikaa hewani hufanya utando, na risasi ya kulehemu haishiki juu ya utando ule. Flaksi ndiyo iuondoayo. Ya kale ni utomvu wa msonobari, nayo imo ndani ya waya wa risasi wenyewe. Nyingine huuzwa katika vikopo na hutiwa asidi hafifu ili ifanye kazi upesi. Kazi ikiisha, yale mabaki hubaki pale pale.

Sasa angalieni kengele yetu. Betri ni ya volti 9. Transista hufunguka ipatapo volti 3 au 4 hivi, na rezista ya megaohmu 10 ndiyo iizuiayo isifunguke bila sababu. Megaohmu 10 ni ukinzani mkubwa sana, hata njia ndogo mno ya umeme kando yake huonekana. Mchana hewa ikiwa kavu, mabaki ya flaksi hayapitishi kitu cha kuhesabika. Usiku wa masika mabaki yale hunyonya unyevu, asidi yake huyeyuka, nayo huwa kama waya mwembamba usioonekana. Ukinzani wa njia ile ukishuka hata ukawa megaohmu 10 nao, volti 9 hugawanyika nusu kwa nusu, transista hupata 4 na nusu, na kengele hulia. Maji ya tangi hayana hatia.

Wenzangu wa Kidato cha Nne walinijibu kwamba kikopo cha flaksi kimeandikwa kuwa haihitaji kusafishwa. Ni kweli kimeandikwa hivyo, wala mtengenezaji hakusema uongo. Lakini maneno yale yana sharti. Flaksi ya namna ile hutulia ikipata joto la kutosha. Asidi zake huisha, na utomvu uliobaki hukauka ukazifunika. Sisi je? Tuliipaka kwa kijiti kama mtu apakaye siagi mkate. Chuma cha kulehemu kiligusa mahali padogo tu, na yote iliyoenea pembeni ikabaki mbichi. Hiyo mbichi ndiyo iliyotuamsha.

Tena nakiri kosa langu mwenyewe. Nilipogundua sababu nilichukua pamba na spiriti ya asilimia 70, ile ya kusafishia vidonda, nikasugua kidogo nikaacha. Bodi ikatoka vumbi jeupe, na usiku ule kengele ikalia mapema zaidi! Nilikuwa nimeyeyusha ule utomvu uliofunika asidi, kisha spiriti ikakauka na kuuacha uchafu wote wazi, umetandazwa bodi nzima. Kusafisha nusu ni kubaya kuliko kutosafisha kabisa. Safari ya pili nilitumia pombe ya isopropili ya asilimia 99, nikasugua kwa mswaki, nikaiinamisha bodi na kumimina nyingine safi juu yake ili uchafu uondoke na maji yake, kisha nikaianika. Kengele haijalia bure tangu siku ile.

Husemwa pia kwamba mafundi redio wa mjini hawasafishi, na redio zao zaimba. Neno hili lina haki yake. Saketi ya kuwasha taa au kuzungusha feni haijali njia ndogo ya umeme, na utomvu mtupu wa msonobari ukikauka ni kizuizi kizuri cha umeme. Sidai tusafishe kila kitu. Nadai tusafishe bodi zenye rezista kubwa, zitakazokaa mahali penye unyevu, na kila bodi iliyopakwa flaksi ya kikopo. Na ile flaksi ya mafundi bati, yenye kloridi ya zinki, isiingie kabisa katika chumba chetu, maana hunyonya maji ya hewani na kuila shaba.

Zamani hata viwanda vikubwa vilisafisha kila bodi, tena kwa dawa iitwayo CFC-113, ikaukayo upesi na isiyoshika moto. Ikaonekana kwamba gesi za jamaa yake zinaharibu tabaka la ozoni, na mwaka 1987 mataifa yakaandikiana mkataba mjini Montreal wa kuzipunguza. Kufika mwaka 1996 nchi tajiri zilikuwa zimeacha kuitengeneza, ila kwa mahitaji machache. Ndipo flaksi zisizohitaji kusafishwa zilipoenea sana. Hazikuletwa ili wavivu kama sisi tupumzike.

Kuhusu hatari, mwenye funguo za stoo asema kweli kwamba spiriti hushika moto. Basi chuma cha kulehemu kizimwe na kupoa kwanza, madirisha yafunguliwe, na betri isiunganishwe mpaka bodi ikauke kabisa. Swichi na vipaza sauti vilehemiwe mwisho, kwa kuwa spiriti ikiingia ndani yake hupeleka uchafu humo humo. Na mikono ioshwe kwa sabuni, kwani risasi ni sumu.

Naomba shule itupe nusu lita ya isopropili kwa muhula, ikae chini ya ufunguo wa mwalimu wa fizikia na kuandikwa katika daftari kila itokapo. Wazazi nao wasitupe miswaki mikuukuu. Watoto waje nayo muhula ujao. Bodi za vipima-joto vya maabara ziko nane, zote zina rangi ya asali, na masika yaja.