Zawadi ya Chakula Kutoka Uingereza: Tuchague Nini?



Kila likizo ndefu ya Uingereza inapokaribia, ndugu zetu waishio London, Leicester na kwingineko huuliza: tuje na nini? Wengi wao hawaishii Mombasa. Wana dada walioolewa Kericho, na wengine wana kaka waliopangiwa kazi Bomet. Huko hufikia nyumba ambazo majirani nao huja kuwapokea wageni. Zawadi ya chakula hufunguliwa mbele ya wote, na wote huonja. Kwa hiyo inafaa kuchaguliwa kwa busara kabla ya sanduku kufungwa.

Tuanze na zawadi inayopendwa kuliko zote, nayo ni kopo la chai lenye picha ya kasri au ya basi jekundu. Ni kopo zuri, lakini kulipeleka Kericho ni sawa na kumpelekea mvuvi samaki. Kampuni za Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kupanda chai katika vilima vile katika miaka ya 1920. Hadi leo chai ya Kenya huteremshwa Mombasa, ambako mnada wake umekuwapo tangu 1969, kisha hupakiwa melini. Ughaibuni huchanganywa na chai za nchi nyingine, ikatiwa katika makopo na kuitwa chai ya Kiingereza. Huenda majani yaliyomo yalichumwa hatua chache tu kutoka kwa mlango wa mwenyeji.

Jambo hili si la kuchekesha peke yake. Sehemu ya ardhi ya mashamba yale ilikuwa ya Wakipsigis kabla ya kutwaliwa na wakoloni. Sheria ya mwaka 1934 iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, na madai ya haki yao hayajaisha. Mzee wa jirani akiwekewa mbele yake kopo lile kama tunu ya Uingereza, atashukuru kwa adabu, lakini moyoni mwake atakuwa na lake. Zawadi hutolewa ili imfurahishe anayepewa, haifai kumkumbusha alichonyang'anywa.

Ushauri wetu, basi, ni kuchagua kitu cha kukaa kando ya chai ya mwenyeji, na chai aachiwe yeye.

La kwanza ni biskuti za siagi za Uskoti. Asili yake ni unga, sukari na siagi, na katika ukungu wa Kericho, pamoja na chai ya maziwa iliyochemka sawasawa, hakuna atakayezikataa. Tena kopo lake halitupwi, litahifadhi unga au nyuzi na sindano miaka mingi. La pili ni jamu ya machungwa machungu, yale ya Seville, ambayo hupendeza katika mkate. La tatu ni shayiri ya uji, kwani asubuhi za nyanda za juu zina baridi. La nne ni unga wa kastadi. Unga huu ulibuniwa mwaka 1837 mjini Birmingham na mfamasia Alfred Bird kwa ajili ya mkewe, ambaye mayai yalimdhuru. Kastadi huuzwa hata madukani kwetu, lakini inafaa Bomet kwa sababu inahitaji maziwa, na maziwa huko si haba.

Sasa tuje kwenye lililo muhimu zaidi, nalo ni uhalali. Peremende nyingi laini za Uingereza hutiwa jelatini, na mara nyingi jelatini hiyo hutokana na nguruwe. Vitobosha vya Krismasi vyenye zabibu kavu huweza kuwa na brandi na shahamu ya mnyama asiyechinjwa kisheria. Kuna chokoleti zilizojazwa pombe, na kuna jamu za machungwa zilizotiwa wiski. Hata biskuti, zipo zinazotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe badala ya siagi. Wengi huridhika wakiona maandishi kwamba kitu kinawafaa wasiokula nyama. Maandishi hayo yanatuondolea shaka ya jelatini na shahamu, lakini hayatuambii lolote kuhusu pombe. Ni lazima orodha yote ya viungo isomwe, dukani, kabla ya kulipa. Mwenyeji wa Kericho atakula kwa kumwamini ndugu yake, na amana hiyo ni nzito.

Kuhusu safari, nyama, jibini na siagi viachwe huko huko. Chokoleti nayo huyeyuka Mombasa kabla haijauona mlima. Vilevile mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, hivyo vitu vifungwe kwa karatasi au kitambaa.

Na mgeni anaporudi apewe nini? Wenyeji wangependa kumpa mursik, maziwa yao yaliyogandishwa kibuyuni kwa mkaa wa mti wa senetwet, lakini Uingereza hairuhusu msafiri kuingia na maziwa kutoka nchi zetu. Hayo ayanywe palepale, akiwa mgeni wao. Mkononi achukue chai ya kiwanda cha hapo hapo, yenye jina la Kericho au Bomet juu ya pakiti. Jirani yake wa Leicester akiionja, aambiwe imetoka wapi na imechumwa na nani.

Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kupeana zawadi ili tupendane, na akawausia wanawake wa Kiislamu wasidharau kitu cha jirani hata kikiwa ni kwato ya mbuzi. Ndugu zetu wasione haya kuja na kopo moja tu la biskuti. Likiwa halali na limechaguliwa kwa kumjua anayepewa, linatosha.

Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu salama na atujaalie riziki ya halali. Amin.