PIMA PICHA KABLA YA KULIPA



Leo nataka kusema juu ya jambo dogo lililotuletea zero kubwa. Muhula uliopita mwalimu wetu wa jiografia alitupa ramani ya upande wetu wa Kasongo na Kabambare ndani ya flashi. Kila mtu akaenda kuitoa kwenye karatasi pale alipoweza: wengine kwa sekretariati karibu na soko, wengine kwa ndugu mwenye mashini. Chini ya ramani kuliandikwa 1/1.000.000, ni kusema sentimeta moja ni kilometa kumi. Siku ya kazi ya darasani tukaulizwa: toka alama A mpaka alama B ni kilometa ngapi? Mmoja akapata 100, mwingine 94, mwingine 80. Jibu lilikuwa 100. Wengi tukala zero.

Wenzetu walicheka: "Ninyi hamujui kupima!" Mimi sikukubali. Nilitandika ramani tatu juu ya meza, nikachukua latte yangu. Njia ileile ilikuwa na sentimeta 10 kwa ramani ya kwanza, 9,4 kwa ya pili, 8 kwa ya tatu. Basi mikono yetu haikukosa. Karatasi ndizo zilizosema uongo.

Kwa nini? Ndani ya kompyuta picha haina sentimeta. Iko na nukta tu, zile zinazoitwa pikseli. Sentimeta zinakuja pale programu inapoambiwa nukta ngapi ziingie katika inchi moja, na inchi moja ni sentimeta 2,54. Tuchukue picha yenye upana wa nukta 600. Ukiweka nukta 300 kwa inchi, itatoka na sentimeta 5,08. Ukiweka 150, itatoka na 10,16. Ukiweka 72, itataka sentimeta 21,17, na karatasi ya A4 upana wake ni 21 tu! Picha ni moja, vipimo ni vitatu.

Hesabu yake si nguvu. Gawa sentimeta unazotaka kwa 2,54, kiisha zidisha kwa 300. Kwa picha ndogo ya sentimeta 4 utapata nukta 472 hivi. Picha ikiwa na nukta chache kuliko hizo, usidhani kuivuta kutaisaidia: itakuwa kubwa, lakini sura itakuwa na ukungu. Tena, picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa nukta njiani. Afadhali kuituma kama dokima, ifike mzima.

Lakini hata ukitengeneza vizuri, kuko mtego wa mwisho. Wakati wa kutoa karatasi, mashini nyingi zinajichagulia "Ajuster à la page", na picha inapunguzwa au inavutwa ili ienee karatasi. Inafaa kuchagua "Taille réelle", ao kuandika 100 %. Tazameni pia kama mashini imewekwa kwa A4, maana karatasi ya Kimarekani ni fupi: sentimeta 27,94, na A4 ni 29,7. Na yule anayebandika ramani ndani ya Word ajue kwamba Word inaibana ili iingie kati ya pembeni za karatasi, bila kumwuliza mtu.

Wengine watasema: "Ile ni kazi ya kijana wa sekretariati." Sivyo. Yeye anatoa kile anachoombwa. Sisi tunafika tukisema tu, "Nitolee hii," hatutaji hata sentimeta moja. Kiisha tunalipa franka, tunarudi nyumbani na ramani ya uongo. Karatasi ikiharibika, feza ni ya mzazi, na mafuta ya jenereta yamekwisha kuwaka.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, walimu wetu, tafadhali chora kwenye kila ramani mstari wa kipimo, wenye kilometa zilizoandikwa juu yake. Namba 1/1.000.000 haibadiliki ramani ikipunguzwa, kwa hiyo inageuka kuwa uongo. Mstari uliochorwa unapungua pamoja na ramani, na kwa hiyo unaendelea kusema kweli. Pili, wanafunzi, nendeni sekretariati na latte ndani ya mfuko. Mtoe karatasi moja, mpime, ndipo mtoe zile zingine. Tatu, katika somo la informatika tusiandike tu majina ya sehemu za kompyuta ndani ya daftari. Siku moja tupewe picha, tuambiwe: itoke na sentimeta 10 kamili. Atakayeweza, huyo amejifunza.

Pointi za muhula ule zimekwisha kuandikwa, sizililii tena. Ninafikiri juu ya zile zinazokuja. Mwanafunzi aliyepima vizuri asipate zero kwa kosa la karatasi, na yule aliyebahatika kupata karatasi nzuri asijione kuwa na akili kuliko wenzake.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Pedagojia