Uongo wa Meno Marefu

Miongoni mwa itikadi zilizoota mizizi katika fikira za wenye magari, pwani na bara, sijui iliyo maarufu zaidi, wala iliyo batili zaidi, kuliko ile isemayo kwamba uzima wa tairi hupimwa kwa urefu wa meno yake, na kwamba mwenye mfuko mwepesi hana tendo la busara kuliko kwenda kwa mchuuzi wa mtumba, akachagua matairi yenye meno mengi na jina kubwa la Japani au la Ulaya, akayaacha mapya ya jina dogo yaliyopangwa duka la pili kwa bei isiyoachana sana. Hoja hii husemwa kwa yakini hata mwenye kuipinga huonekana ama mjinga ama wakala wa wenye maduka. Mimi si wakala wa mtu, na nimekusudia kuipinga.

Wanaoumizwa zaidi ni wenye magari ya spoti yaliyokwisha kuzeeka. Litazame Toyota Altezza, lililouzwa Japani tangu 1998 hata 2005, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wangali wanaliashiki. Lile liitwalo RS200 lilitoka kiwandani na matairi ya 215/45R17. Thamani ya gari lenyewe imeshuka hata mtu wa mshahara wa kadiri aweza kulimiliki, walakini matairi yake hayakushuka pamoja nalo. Na mwenye gari, akiisha kusikia bei ya manne mapya ya jina tukufu, hukata tamaa papo hapo na kuelekea kwenye lundo la mtumba. Simlaumu kwa uchache wa fedha, maana si kosa. Namlaumu kwa kipimo anachokwenda nacho, yaani kidole gumba, ambacho hukitia baina ya meno, akaona kimezama, akalipa.

Kidole gumba hakipimi mpira. Tangu Charles Goodyear alipogundua, mwaka 1839, kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hupata nguvu na mnyumbuko, tairi limekuwa kitu cha mapishi, chenye masizi, mafuta, na dawa za kukikinga na hewa. Hushika njia kwa sababu mpira ulio laini hujiingiza katika vitundu vya lami, ukabonyea, kisha ukarudi; na ulaini huo haudumu. Oksijeni na ozoni huushambulia hata gari likiwa limelala bandani, mafuta yake huhama, dawa zake hupungua, na joto huyaharakisha yote hayo, joto ambalo sisi wa pwani tunalo kutoka Januari hata Desemba. Tairi la miaka 12 lililoanikwa juani mbele ya kibanda ni kama andazi la juzi: umbo ni lile lile na rangi ni ile ile, ila haliliki.

Mwenye kudhani kwamba nazidisha chumvi na atazame yaliyotokea Uingereza mwezi wa Septemba 2012, wakati basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight lilipopasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, katika barabara ya A3, likaacha njia na kugonga mti, wakafa watu watatu. Uchunguzi ulionyesha kwamba tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 19, yaani lilikuwa kuukuu kuliko basi lililolibeba. Sheria haikuwa imevunjwa, kwa sababu sheria ya wakati ule ilitazama meno, haikutazama umri. Ilihitajika miaka mingi ya madai ya mama mmoja aliyefiwa na mwanawe katika ajali ile ndipo, tarehe 1 Februari 2021, matairi yaliyopita miaka 10 yakapigwa marufuku katika magurudumu ya mbele ya malori na mabasi ya nchi ile. Magari madogo hayakuingizwa katika marufuku hiyo. Mwenye gari dogo ameachiwa akili yake.

Na kwa kuwa wapenzi wa magari ya spoti hupenda kusikia habari za watu wao, nawakumbusha Paul Walker, mcheza sinema waliyempenda, aliyefariki Novemba 2013 huko California akiwa abiria katika Porsche Carrera GT ya mwaka 2005. Wachunguzi waliulaumu mwendo kwanza, na ilikuwa haki, maana gari lilikwenda zaidi ya kilomita 128 kwa saa mahali paliporuhusiwa 72. Lakini katika taarifa yao waliyataja pia matairi, yaliyokuwa na umri wa miaka 9. Hapana mtu awezaye kusema kwamba mwenye gari la thamani ile alikosa fedha ya matairi.

Iko hadaa nyingine ndani ya hadaa hii. Japani ina majira ya theluji, na watu wake wa mikoa ya baridi hubadili matairi kila mwaka, wakavaa ya theluji, ambayo ubavuni huandikwa STUDLESS na aghalabu hubeba herufi Q, yenye maana kwamba hayakukusudiwa kuvuka kilomita 160 kwa saa. Hayo ndiyo yenye meno marefu na mikato mingi kuliko yote, na kwa hiyo ndiyo yanayoshangiliwa na kidole gumba. Mpira wake ulipikwa kwa ajili ya barafu. Juu ya lami ya saa nane mchana hulegea, meno hucheza, breki hurefuka, na uzuri wote ulionunuliwa huisha kwa miezi michache. Mchuuzi hadanganyi, yeye huuza alichoagizwa, na alichoagizwa ni meno.

Meno yana kazi, sikatai. Kazi yake ni kutoa maji chini ya tairi, na katika masika kipara ni hatari isiyohitaji mwalimu. Nchi za Ulaya haziruhusu yapungue chini ya milimita 1.6, na mwenye hadhari huyabadili kabla ya hapo. Lakini maji yakiisha kuondoka, kinachobaki kugusana na lami ni mpira, nao ukiwa umekauka, mifereji yote ya duniani haitamfaa dereva.

Ama hilo la jina kubwa, jibu lake limetolewa na Toyota wenyewe. Mwaka 2012 walipolileta GT86, gari la spoti lililosifiwa kwa wepesi wa kona zake, walilivika matairi ya Michelin Primacy HP ya 215/45R17, ambayo pia yalivishwa baadhi ya Prius, gari la kubana petroli. Walifanya hivyo kwa makusudi, ili gari litii na kucheza bila kuhitaji mwendo wa kichaa. Kipimo hicho ndicho kile kile cha Altezza. Basi mwenye gari la miaka zaidi ya 20, ambaye mbio zake kubwa ni kutoka taa hadi taa, ana hoja gani ya kudai mpira wa mashindano, tena uliochakaa?

Afanye nini, basi? Asome ubavu wa tairi kabla ya kuuliza bei. Mwisho wa mstari wa DOT kuna tarakimu nne; kwa mfano, 1409 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2009. Zikiwa tatu tu, tairi limetengenezwa kabla ya 2000, na mazungumzo yaishie hapo. Atazame na neno TRACTION, linalohusu ushikaji wa njia iliyolowa, wala asikubali chini ya A, kwa sababu mapya nayo yamo yanayoteleza, na rahisi kupita yote siyatetei. Kisha atafakari kupunguza rimu. Tairi la 205/55R16, ambalo ni kati ya vipimo vinavyouzwa sana duniani na kwa hiyo vyenye ushindani wa bei, lina kimo cha milimita 632, na lile la 215/45R17 lina 625. Tofauti haifiki hata sehemu mbili katika mia, na ubavu mnene huvumilia mashimo yetu. Sharti ni moja, rimu ivishwe kwanza bila tairi, izungushwe, ihakikishwe kwamba haigusi breki.

Rimu za inchi 17 alizozikuta na gari zina wapenzi wengi. Aziuze, na fedha hiyo iingie katika matairi manne ya aina moja na mwaka mmoja. Likibaki salio, alipie wili alaimenti siku hiyo hiyo, maana bushi za gari la umri ule zimekwisha kuchoka, na tairi jipya hulika upande mmoja kabla mwenyewe hajamaliza kulisifu.