WAKILI KWA MFANYI KAZI KATIKA KESI ZA MADAI



Mtu akishitakiwa kwa kuua, korti humtafutia wakili na Serikali hulipa. Hiyo ni haki, nasi hatuipingi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yasema mshitakiwa apewe wakili kwa gharama ya Serikali ikiwa bila hivyo atadhulumiwa sana. Lakini anayetajwa pale ni mshitakiwa. Mfanyi kazi anayefukuzwa katika nyumba yake, au mjane anayenyang'anywa shamba la marehemu mumewe, hakushitakiwa kwa kosa lo lote. Kesi yake ni ya madai, basi ajisemee mwenyewe.

Twajua kesi ya namna hiyo jinsi inavyokwenda. Makaratasi huja kwa Kiingereza. Mwenyewe huyakunja akayatia mfukoni mpaka mwisho wa mwezi, akidhani ataitwa tena. Siku za kujibu zikipita, mwenye nyumba huomba hukumu naye huipata, na yule ndugu hupata habari siku vyombo vyake vinapotolewa nje. Hata akifika kortini, upande wa pili yuko wakili aliyezoea kazi hiyo, na hakimu hana ruhusa ya kumfundisha mmoja wao namna ya kujitetea.

Wengine watasema tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Ni kweli, na tena sheria hiyo yataja kesi za madai. Lakini maskini huomba, na wakubwa huamua. Fedha zisipotosha, basi hana la kufanya. Kuomba na kudai si jambo moja. Wafanyi kazi walijifunza hayo zamani katika habari ya mishahara.

Katika Korti ya Kazi tuna nafuu kidogo. Sheria ya mwaka 2011 yamruhusu afisa wa chama kusimama kwa niaba ya mwanachama. Lakini katibu huyo huyo hawezi kumsemea katika kesi ya nyumba, wala ya shamba, wala ya malezi ya mtoto. Na kibarua asiye na chama, hata Korti ya Kazi huingia peke yake.

Hatusemi kila anayegombana na jirani kwa ajili ya mbuzi apewe wakili. Twasema nyumba, shamba, mtoto, mshahara, na fidia ya kuumia kazini. Katika mambo hayo Bunge liandike kwamba asiyeweza kulipa atapewa wakili, si kwamba aweza kupewa, na fedha zake zitengwe kila mwaka.

Mpaka hapo, mwanachama ye yote akiletewa samansi, asingoje mwisho wa mwezi. Ampelekee katibu wa tawi siku hiyo hiyo, pamoja na bahasha yake.