Unga wa "Seli" Hauoteshi Moyo Mpya

Baada ya mavuno tulimpokea wodini mama mmoja aliyevimba miguu na tumbo, akilala hawezi kupumua. Ni mgonjwa wa moyo tunayemfahamu. Alikuwa ameacha vidonge vyake kwa miezi miwili, kwa kuwa mchuuzi alimwambia kwamba unga wa "seli shina" utamwotesha moyo mpya. Wanawe waliuza magunia ya mpunga ili kuununua.

Sisi wauguzi hatumlaumu. Mgonjwa hutafuta pa kushika. Lakini yatupasa kusema wazi.

Seli shina ni seli changa za mwili zinazoweza kuzaa seli nyingine. Ni kweli zipo tiba zake: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hiyo ni kazi ya madaktari bingwa. Unga unaomezwa husagwa tumboni kama ugali. Hauendi kuota moyoni.

Kwa ugonjwa wa moyo, tiba ya seli bado inachunguzwa, nayo ina hatari zake. Mwaka 2000, huko Paris, Dk. Philippe Menasché alianza kupandikiza seli za msuli wa paja kwenye mioyo ya wagonjwa. Kati ya wagonjwa 10 wa kwanza, 4 walipatwa na mapigo ya moyo ya hatari. Na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka makala 31 za maabara moja ya seli za moyo ziondolewe, maana zilikuwa na takwimu za uongo. Ikiwa wataalamu wamepotoshwa hivyo, sembuse sisi mbele ya mchuuzi?

Tiba tulizo nazo zinajulikana: vidonge vya presha, vidonge vya kupunguza maji mwilini, na sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa aliyeharibiwa vali za moyo na homa ya baridi yabisi. Anayehitaji upasuaji hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kwa hiyo twawasihi: msiache dawa bila kumwuliza daktari. Ukiletewa dawa mpya, njoo nayo kliniki, wala usiifiche, hatutakugombeza. Na anayefanya utafiti wa kweli hukueleza hatari zake na kuomba ridhaa yako. Hakuuzii pakiti mlangoni.

Mama yule sasa analala bila shida. Mpunga wake haukurudi.